Mbolea ya Elinami na Ukoka wa Baba Yake

Hii isome taratibu, hasa wewe unayemtumia mama vitu kwa basi na hujamwona usoni tangu lini sijui.

Elinami alikuwa kitindamimba wa nyumba moja kule Uchagani. Kazi yake ilikuwa Dar. Mama yake, mjane, alibaki nyumbani peke yake, na kabati lilijaa mablanketi aliyotumiwa na mwanawe, ambayo hata hayajafunguliwa. Mbele ya nyumba kulikuwa na uwanja wa ukoka alioupanda marehemu baba yake. Kila Krismasi ukoo mzima hula hapo.

Mwaka huo baba yake mkubwa, Mzee Lyatuu, akampigia simu.

"Uwanja wa ndugu yangu umekuwa wa njano. Krismasi nikikuta pale hakuna mtu, mama yako namhamishia kwangu, na nyumba tunaipangisha."

Elinami alijua mama yake anaogopa kitu kimoja tu, kufia kwa watu. Akaomba likizo, akapanda basi.

"Mwanangu, ukoka una kiu," mama alimwambia. "Zamu yetu ya mfereji tumeikosa. Siku ya kuuzibua hatukuwa na wa kwenda."

Kule kwao maji ya mfereji hupewa aliyekuja na jembe. Asiyekuja, maji yanampita.

"Mama, mambo ya mfereji ni ya kizamani. Siku hizi kuna mbolea."

Dukani akanunua urea. Muuzaji akamwonya: "Tupia kidogo tu, umwagilie palepale. Bila maji hii inaunguza."

Weee, mwenye haraka ana masikio? Elinami alijisemea, kama kidogo inaleta kijani polepole, basi nyingi italeta upesi. Akaimwaga jua likiwa utosini, juu ya ardhi kavu, ikatapakaa kama chumvi. Mfuko ulipoisha akaukung'utia nyuma ya jiko.

Haikupita wiki, uwanja wote ukawa rangi ya ugoro. Elinami alishika kichwa. Jamani, alikuwa amemfukuzisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe!

Krismasi ukoo ukafika. Mzee Lyatuu aliingia uwanjani, majani yakavunjika chini ya viatu vyake.

"Shemeji," akasema, "funga nguo zako."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akazunguka kupitia nyuma ya jiko kwenda kufunga nguo. Mzee akamfuata, na Elinami nyuma yao.

Mzee akasimama ghafla. Pale nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ukoka, kijani kibichi, kimenona.

"Hapa uliweka mbolea gani?"

"Ileile, baba mkubwa. Nilikung'uta mfuko tu."

"Na maji?"

Elinami akamtazama mama yake.

"Ni mimi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Huwa namwaga hapo maji ya kusuuzia vyombo."

Mzee akamgeukia Elinami. "Ulidhani nilitaka kijani? Nilisema nisikute pale hakuna mtu, na mtu ni mwenye jembe! Mwaka mzima watu wanazibua mfereji, jembe la nyumba hii halijaonekana. Umeleta mfuko badala yako."

Elinami akapiga magoti. "Mwache mama, baba mkubwa. Jembe nitashika mimi."

"Magoti hayazibui mfereji. Kesho asubuhi nikuone. Usipokuja, mchana nakuja na gari kumchukua mama yako."

Alikwenda. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na tangu hapo siku ya mfereji ikitangazwa, hata akiwa Dar, anapanda basi. Siku maji yalipoingia uwanjani, mama alivua kandambili, akasimama katikati yake, huku analia, huku anacheka.

Funzo: Usimrundikie mtu kile unachoweza kununua, muulize anachokosa, halafu kipeleke mwenyewe.