Jiwe la Msingi kwa Bi Tetea

Hapo kale, wanangu, kabla yenu na kabla yangu, wanyama walijenga nyumba zao kwa vibali kama watu wa mjini. Na katika mji wao palikuwa na banda kuukuu la kuku, mali ya Bi Tetea, mama wa watu, mnene, mwenye huruma, mwepesi wa kulia.

Banda lenyewe, msiniulize! Mvua ikinyesha nje, na ndani inanyesha. Vifaranga kutwa wanapiga chafya, chya! chya! Halafu nyuma kulikuwa na ubao uliooza. Kila ubao ule ulipolia kwiii, kesho yake kifaranga mmoja hakuonekana.

Bi Tetea alitaka kujenga banda la kisasa: matofali, paa la bati, madirisha ya wavu, na jiko la kuwapa watoto joto. Matofali alikuwa nayo. Alichokosa ni kibali, na mtoa vibali alikuwa Mheshimiwa Tembo, mwenyekiti wa baraza.

"Hodi, Mheshimiwa! Nimekuja tena."

"Karibu, Bi Tetea. Lakini jirani yako Fisi amelalamika. Anasema kuku wananuka."

"Fisi? Fisi ndiye anayesema sisi tunanuka?"

"Ndivyo anavyosema, mama, na mimi sipendi ugomvi. Tutaliangalia masika yakiisha."

"Masika yakiisha sitakuwa na watoto wa kuwajengea!"

Tembo akatazama pembeni. Hakuwa na roho mbaya, maskini. Aliogopa lawama tu, na mwili wote ule!

Bi Tetea akarudi nyumbani analia. Kindi, jirani yake wa juu ya mti, akateremka mbio, paru-paru-paru!

"Shangazi! Nani kakuliza?"

Bi Tetea akamweleza yote. Kindi akakuna sikio, akacheka.

"Kosa lako ni kuomba, shangazi. Tembo akiombwa anaogopa. Jaribu kumwalika uone!"

Asubuhi Kindi huyo, mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Marahaba. Kama ni habari ya kibali..."

"Kibali? Nani kataja kibali? Sisi tunatafuta mgeni rasmi."

Masikio ya Tembo yakasimama, pwaa! "Mgeni rasmi wa nini?"

"Wa kuweka jiwe la msingi kwa Bi Tetea. Kuna ngoma, kuna kiti cha mbele, kuna hotuba. Wengine wanamtaja Kiboko, lakini..."

"Kiboko! Kiboko anajua kuhutubia? Nakuja mimi!"

Siku ikafika. Ngoma dundu-dundu! Vigelegele lililililii! Tembo akaliinua jiwe kwa mkonga, akalitua chini, puu! Kisha akakohoa.

"Ndugu wananchi! Banda hili la kisasa ni fahari ya mji wetu! Watoto wa kuku ni watoto wangu!"

Akasema mpaka jua likageuka. Bi Tetea akalia tena, safari hii kwa furaha. Mafundi hawakungoja, wakaanza kazi palepale.

Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, Fisi akatokea, mate yanamchuruzika.

"Simamisheni! Jengo hili halina kibali! Bomoeni!"

Koo-koo-koo! Kuku wakatawanyika. Bi Tetea akawafunika wanawe kwa mbawa. Tembo akaitwa, akaja mbio, ardhi ikitikisika.

"Mheshimiwa," Fisi akasema, "waulize kibali kiko wapi!"

 Sasa ndipo Tembo akakumbuka kwamba hakukitoa. 

Kindi akasema taratibu, "Bwana Fisi anataka kujua ni mjinga gani aliyeweka jiwe la msingi kwenye jengo lisilo na kibali."

"Eeh, hasa!" Fisi akadakia. "Mjinga gani huyo?"

 Hata vifaranga waliacha kupiga chafya.

"Mjinga huyo ni mimi?" Tembo akauliza.

"La, Mheshimiwa! Sikuwa na maana..."

"Basi kama mimi si mjinga, kibali kipo. Nimekitoa mwenyewe, mbele ya mji mzima! Na wewe, kama kuku wananuka, nyayo zako zinafuata nini nyuma ya banda lao kila siku?"

 Fisi akashika njia, mkia katikati ya miguu.

Tembo akainama mpaka kwenye sikio la Kindi. "Umenichezea, wewe mtoto."

"Kidogo tu, Mheshimiwa."

Tembo akacheka, akacheka, hata machozi yakamtoka. Masika yale vifaranga wa Bi Tetea walilala pakavu, na hakupotea hata mmoja.

Kwa hiyo, wanangu, mkubwa anayeogopa kusema ndiyo, mtafutieni mahali pa kuisema akipigiwa vigelegele.