Shairi la Maimuna

Ndugu zangu, hebu nipeni masikio yenu kidogo.

Palikuwa na mama mmoja, mtunzi wa mashairi. Mtaani kwao harusi haikuwa harusi bila beti zake. Bibi harusi akitolewa ndani, yeye ndiye aliyemghania, na watu wakafuta machozi huku wanacheka. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Mola aliwajalia binti mmoja tu, Maimuna, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule.

Homa ikamshika mtoto yule wakati wa mvua, na mvua haijakatika walikuwa wamekwisha kumzika.

Watu walijaa pale msibani. Walipika, walisoma, walilia na mama yule. Hitma ilipokwisha, wakaona kazi iliyobaki ni kumsahaulisha. Wifi yake akakunja vigauni vya mtoto, akavigawa. Wanawake waliozoea kumwita Mama Maimuna wakaanza kumwita dada. Akipita njiani, mazungumzo yanageuka, yanakuwa ya bei ya mchele. Walifanya kwa huruma, hakuna aliyemtakia mabaya. Lakini nawauliza, jina la mtoto likishatoweka midomoni mwa watu wote, mama yake alipeleke wapi?

Asubuhi moja mumewe yuko kazini, mama akasikia watoto wanacheza nje, wanaitana. Alipozinduka alikuwa amesimama kizingitini, mdomo wazi, anataka kumwita wake aje anywe uji. Akarudi ndani, akatafuta karatasi, akaandika:

Nakuita mlangoni, mwanangu we Maimuna,

Akalia mpaka ukosi wa gauni ukalowa. Kisha, kwa mazoea ya utunzi, akahesabu mizani kwa vidole. Ilikuwa sawa. Akashangaa kuona kwamba pumzi, ambayo tangu maziko ilikuwa inakwama kifuani, imeshuka mpaka chini. Uchungu ule haukuwa na mwisho, lakini mstari ulikuwa na mwisho, na pale mwisho palikuwa na mahali pa kupumzika kidogo. Akaandika mingine miwili:

Kiatu ki barazani, mguu ndani hamna,
Wenzio wapo njiani, kwa majina waitana,

Wifi yake akaja kumtazama, akamkuta na karatasi mapajani, macho mekundu.

"Wifi, unajichokonoa," akamwambia. "Si uandike ya harusi, uchangamke?"

"Ya harusi sina, wifi yangu. Hili ndilo limejaa hapa kifuani. Lisipotoka hili, halitoki jingine."

Mumewe naye aliporudi akauliza, "Unaandika nini?"

"La Maimuna."

Mwanamume yule akaiweka chini chai yake, hajainywa, akatoka nje. Tukio lile lilimuuma mama kuliko maneno ya wifi. Akasema moyoni, kumbe mwenzangu ameshasahau. Kumbe mtoto huyu amebaki wangu peke yangu.

Shairi likakwama. Nusu ya mstari wa nne aliipata, nusu ya pili ikakataa. Kila alichokiandika alikifuta. Vina vilikubali, moyo ukakataa. Alihisi kuna kitu cha mwanawe asichokijua, na bila kitu hicho ubeti haufungiki.

Alasiri moja alikuwa anapepeta mchele, na bila kujua sauti ikamtoka, akaanza kughani ubeti wake. Akaenda nao vizuri mpaka pale pa siku zote:

"Jua lazama jioni..."

Na nyuma yake sauti nzito, isiyojua kughani, ikasema:

"Kidole hushiki tena."

Akageuka. Mumewe alikuwa mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kichwani.

"Kidole gani, baba?" akamuuliza.

"Nikitoka kazini alikuwa ananipokea pale kwenye kona. Mkono wangu ulikuwa mkubwa kwake, basi alishika hiki," akakiinua kidole chake cha shahada. "Tukaja naye hivyo mpaka hapa uani. Hata leo nikifika pale, kinanyooka chenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nilidhani nikimtaja Maimuna utaanguka."

"Na mimi nilidhani umemsahau."

Mchele ukabaki unapigwa na upepo. Walikaa chini, mke akaandika ule mstari kama ulivyotamkwa, kisha akamwambia, "Niambie kingine." Akaambiwa, na yeye akamwambia chake. Jua likazama wakiwa bado wanasimuliana habari za mtoto wao.

Ndugu zangu, nisije nikawadanganya. Hamu haikwisha. Wazazi wale wana hamu na binti yao mpaka leo, na watakuwa nayo hadi wakutane naye. Lakini tangu alasiri ile wamekuwa na hamu hiyo wakiwa wawili.

Sasa mimi na wewe tuko wapi katika habari hii? Wengi wetu, ndugu zangu, sisi ndio tuliokunja vigauni. Tunamwambia aliyefiwa "jikaze", na tunachotaka hasa ni anyamaze, maana kilio chake kinatutia hofu. Tunamwona akiandika, akiimba, akizungumza na picha ukutani, tunasema imani yake imepungua. Nani ametuambia hivyo? Aliyemuumba mama yule ndiye aliyempa machozi, na ndiye aliyempa maneno ya kuyabebea. Sisi ni nani hata tumzibe mdomo?

Iko nyumba moja iliyofiwa na mtoto, unaijua. Mwenyewe umeipita mara nyingi ukiharakisha, kwa kuwa hujui la kusema. Leo ukitoka hapa usiipite. Bisha hodi, kaa, mtaje mtoto wao kwa jina lake. Uliza, "Alikuwa anachekaje?"

Halafu wewe nyamaza, usikilize.