Viatu vya Bi Kizee

Haya, nitegulieni: bibi yangu hali, hunywa tu, na akikunja vidole kiu humpungua. Ni nani huyo?

Nuhu anasema birika. Zawena anasema ngamia, kisha anajicheka mwenyewe, maana ngamia akunje vidole gani? Mkishindwa nipeni mji. Hamtaki? Basi kaeni nacho kitendawili changu, huenda kikateguka njiani.

Mmeniuliza habari ya maneno aliyoyasema mama yenu asubuhi, fundi alipokuja kuifunga cherehani yangu mkanda mpya: kizee mwenye safari hununuliwa viatu. Nilimwona Zawena akiitazama miguu yangu. Hapana, mjukuu wangu, kizee huyo si mimi, ingawa ndala zangu nazo zimekwisha. Methali hii ilianza hivi.

Siku hizo nilikuwa nashona vitambaa vya viti katika karakana ya shirika dogo la ndege, hapa hapa Kipawa, ng'ambo ya uzio wa uwanja. Shirika lilikuwa na ndege kubwa moja tu, nayo ilinunuliwa ikiwa imeshatumikia wengine. Rangi yake ilikuwa imefifia, na makabati ya mizigo ya juu ya viti hayakufunga mpaka uyapige kofi. Sisi wa karakana tuliipa jina la Bi Kizee. Huyo Bi Kizee alikuwa wa safari za mbali, na safari yake kubwa ya mwaka ilikuwa kuwapeleka mahujaji Jidda na kuwarudisha. Abiria wake walikuwa watu wa hali kama yetu, wauza vitumbua, wakulima wa minazi, walimu waliostaafu. Mama yangu, Bi Mgeni, alikuwa ameshajiandikisha kwenda mwaka utakaofuata. Aliingoja safari ile tangu mimi msichana mdogo, na nauli ya ndege nyingine hakuiweza. Bi Kizee asiporuka, mama haendi.

Sasa, Bi Kizee alikuwa na kiu. Mafuta aliyokunywa yalimkosesha usingizi Bwana Kilindo, mwenye shirika. Alikuwa akija karakanani, anaizunguka ndege mikono nyuma, kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekauka maziwa. Sote tulijua anawaza kumuuza akakatwe vyuma chakavu.

Siku moja Injinia Salha, mkuu wa karakana, alimwendea.

"Bwana, tumpachike ncha za kusimama kwenye mabawa," alimwambia. "Upepo ulio chini ya bawa una nguvu kuliko wa juu. Ukifika nchani unapenya kwenda juu, unajisokota, na msokoto ule unatuvuta nyuma safari nzima. Tunachoma mafuta kushindana nao. Ncha ikisimama, msokoto unapungua."

Mimi nilikuwa karibu, kitambaa mapajani. Nikasema, "Kumbe ni pindo."

"Ndiyo, dada Mwanahawa, ni pindo. Kanga isiyopindwa si huchakaa kuanzia ukingoni?"

Bwana Kilindo hakucheka. "Kanga mpya hupindwa," alisema. "Hii imekula chumvi nyingi. Tena unataka niilaze karakanani wiki na wiki, abiria wangu wahamie kwa shirika la jirani."

"Mwili wake mzima, nimeukagua mwenyewe. Ana miaka mingi ya kuruka. Na nikwambie kweli, angekuwa wa kwenda Unguja na kurudi, nisingekushauri. Kule hajamaliza kupanda anaanza kushuka, pindo halipati kazi. Lakini huyu ni wa Jidda."

"Salha mwanangu," alisema Bwana Kilindo, "bibi kizee unamnunulia viatu vipya vya nini?"

Mafundi wakaangua kicheko. Swali likabaki linaning'inia pale karakanani.

"Akishawarudisha mahujaji wa mwaka huu," alimalizia Bwana Kilindo, "namuuza."

Jioni sikumwambia mama. Nilimkuta anakunja shuka zake nyeupe, zile za safari, kwa mara nyingine tena, nikaona bora ninyamaze.

Miongoni mwa mahujaji wa mwaka ule alikuwemo mama yake Bwana Kilindo, tuliyemwita Bi Mkubwa. Walikwenda salama. Siku ya kurudi, Jidda ilikuwa na joto kali na upepo ulikuwa wa mbele, basi Bi Kizee akajazwa mafuta mpaka shingoni. Akawa mzito. Ikabidi kitu kiachwe, na kilichoachwa ni madumu ya zamzam.

Nanyi mnaijua desturi yetu. Hujaji akirudi, watu humiminika kwake. Kila mmoja apate tende, apate funda la zamzam, aombewe dua. Na sisi wa karakana tulikwenda kwa Bi Mkubwa kumpa mkono. Mlangoni palikuwa na viatu vyake vya raba, vyeupe, vipya, mwanawe alimnunulia kwa ajili ya safari. Yeye ameketi mkekani, sahani ya tende mbele yake.

"Tende hizi hapa," alimwambia kila aliyeingia. "Maji muulizeni mwanangu. Ndege yake imenishinda kwa kunywa."

Watu walicheka, lakini Bwana Kilindo akajitetea. "Mama, ile ndege imechoka. Naiuza."

"Na mimi je? Miguu yangu haikuwa imechoka? Vile pale mlangoni uliniletea vya nini? Si ungeniuza na mimi tu, baba."

Safari hii tulicheka mpaka tende zikatupalia. Bwana Kilindo akazitazama zile raba.

Kesho yake alikuja karakanani akamwambia Salha neno moja: "Mpinde."

Bi Kizee akalala karakanani wiki zile alizozihofia Bwana Kilindo, na kweli abiria wengine walihamia kwa jirani. Mwenyewe alinung'unika kila siku, lakini hakusema tena habari ya kuuza. Bi Kizee alipotolewa nje, ncha za mabawa zilikuwa zimesimama juu kama vidole vya bibi harusi anayekausha hina.

Eti unasemaje, Nuhu? Ndege? Umechelewa lakini umefika. Ndege, mjukuu wangu. Mji niliotaka, baki nao.

Basi mwaka uliofuata mama alikwenda. Sitasema kwamba Bi Kizee aliacha kunywa. Alipunguza funda tu, na lile funda alilopunguza liliyapa madumu mahali pa kukaa. Jioni ya kurudi kwake mama alinimiminia zamzam katika kikombe cha kahawa, nikanywa nikilia. Mpaka leo, nikisikia ndege inapita juu ya bati, namshukuru Mungu, kisha nawashukuru Salha na mafundi wake, na Bi Mkubwa na ulimi wake.

Lakini nimekimbilia kikombe, na maneno yenyewe yalisemwa kabla, pale uwanjani. Ngazi zilikuwa zimesogezwa, wazee wanashuka mmoja mmoja. Mama alishika ukingo wa ngazi, miguuni amevaa raba nyeupe, zile zile za Bi Mkubwa, aliyemwazima akisema zisikae bure. Nyuma yao watu walikuwa wameanza kushusha madumu.

Salha alikuwa amesimama kando ya Bwana Kilindo.

"Bwana, kuna swali lako sikukujibu," alisema. "Bibi kizee unamnunulia viatu vipya vya nini?"

Bwana Kilindo aliitazama ncha ya bawa. Akaitazama miguu ya mama ikikanyaga ngazi ya mwisho.

"Kizee mwenye safari," alisema, "hununuliwa viatu."