Sharti la Bwana Kitwana

Fundi Chausiku alikuwa na pikapu kuukuu isiyowaka mpaka isukumwe, na mji mzima ulilijua hilo. Basi siku ya kushindanisha magari kwenye uwanja wa ndege uliotelekezwa, Bwana Kitwana, tajiri wa mabasi, alitoa sharti: magari yazimwe mstarini, yawashwe bendera ikishuka, na atakayesukumwa ameshindwa. Aliyeshindwa asikanyage tena uwanjani hapo.

"Sharti la haki kabisa," alisema Chausiku. "Ila watu watasema limeshinda gari lako jipya, si wewe."

"Gari ni dereva!" alifoka Kitwana. "Mimi hata unipe mkokoteni, nakuacha!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote!"

"Mkokoteni sina, bwana," alisema Chausiku kwa upole, akampa funguo za pikapu na kukinga kiganja apewe zake.

Umati ulishangilia, na Kitwana, kichwa kimemvimba, akampa funguo zake, akapanda pikapu bila kufikiri.

Bendera ilishuka. Chausiku alifika mwisho wa uwanja, akageuza, akarudi taratibu. Kitwana alikuwa palepale mstarini, jasho likimtiririka, akizungusha funguo na injini ikilia kri-kri tu.

Chausiku alishusha kioo.

"Nikusukume, bwana, au bado tunashindana?"