Tangazo la Mwanahawa

Asubuhi ile barazani walikuwapo Bwana Mbaraka mwenye nyumba, dereva wake Ngwali, Mwanahawa muuza vitumbua, na mwanawe mchanga aliyelala mgongoni.

Kesho yake Bwana Mbaraka angesafiri kwenda Uturuki kwa miezi minane. Alikwisha kutia nondo madirishani na makufuli mapya milangoni. Lilibaki jambo moja.

"We Mwanahawa, ondoa jiko lako barazani kwangu leo hii! Wateja wako wanachungulia ndani mno. Hao ndio watakaoniibia."

Mwanahawa alijua kwamba akihama atapoteza wateja wa miaka sita, na mtoto atalala njaa. Hata hivyo aliinama, akalishusha jiko njiani, akaanza kufunga vyombo. Ngwali alimbebea kikaango taratibu, mtoto asiamke.

"Umesema kweli, bwana," Mwanahawa alisema. "Usalama kwanza. Ila wateja watahangaika kunitafuta. Niruhusu niwawekee tangazo getini."

"Weka hata kumi!" Bwana Mbaraka alicheka.

Mwanahawa akaokota kipande cha boksi na mkaa, akaandika kwa herufi kubwa, akatundika. Bwana Mbaraka akasogea kusoma:

"Wateja wangu, nimehamishwa. Bwana Mbaraka anasafiri miezi minane. Msipige hodi, ndani hamna mtu."

"Toa! Toa haraka!"

"Nitoe, bwana? Basi wakiniuliza mbona nimehama, niwajibu nini? Mie uongo siuwezi."

Bwana Mbaraka alilichana lile boksi vipande vipande, kisha akalibeba jiko kwa mikono yake mwenyewe, akalirudisha barazani.

Aliporudi kutoka Uturuki alikuta makufuli yote mazima, na vitumbua vya moto.