Lijamu la Sultani Haidari

Hapo zamani, katika mji wa Kiwamba, alikuwako mwanamke fukara, Mwanatumu, mkata majani ya farasi wa Sultani Haidari. Mdogo wake, Faki, ndiye aliyewatunza farasi hao.

Siku moja Sultani aliletewa farasi kutoka ng'ambo, akaona chuma kinywani mwake.

"Faki, nini hiki?"

"Lijamu, Bwana wangu."

"Lijamu maana yake nini? Na limetoka wapi?"

Faki akasema hayo huyajua wanavyuoni. Wakaitwa wanavyuoni wawili. Huyu akasema neno limetoka Uarabuni, yule akasema Uajemi, hata wakashikana ndevu. Sultani akaghadhibika.

"Mfungeni Faki hata nipate jibu! Wala mtu asinieleze kwa maneno, maneno yamenichosha."

Habari zikamfika Mwanatumu shambani. Yeye ndiye aliyemlea Faki tangu mama yao alipofariki; basi akatupa mundu, akaenda bandani kwa farasi, akalitwaa lile lijamu, akaliosha, akaingia barazani.

"Nashika miguu, Bwana wangu. Maneno umeyakataza, basi naomba ukiume chuma hiki."

Baraza likaguta. Lakini Sultani alikuwa mtu wa kupenda kujua mambo, akafumbua kinywa. Mwanatumu akamtia chuma, akakaza kamba nyuma ya kilemba.

"Je, Bwana una amri yoyote?"

"Mmng!"

"Nipigwe?"

"Nng! Nng!"

"Basi hiyo ndiyo maana ya lijamu."

Waziri akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mwanatumu akaona asiichezee nafasi.

"Na Faki afunguliwe? Kama Bwana hataki, na aseme hataki."

Udende ukamtiririka Sultani ndevuni, neno lisitoke.

"Askari, mmesikia. Hakukataa."

Askari wakatazamana, kisha wakaenda mbio gerezani. Ndipo Mwanatumu alipomvua Sultani kile chuma.

"Mwanamke we!" akahema Sultani, akipangusa kidevu. "Hujaniambia limetoka wapi!"

"Limetoka kinywani mwako, Bwana wangu. Baraza zima limeona."

Mwanatumu akaihisi shingo yake ikiwa nyembamba. Mara Sultani akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikaanguka, akaamuru apewe punda wa kumbebea majani.

Faki alimkuta dada yake langoni, akamkumbatia.

"Dada, ulimwambia nini hata akaniachia?"

"Sikumwambia kitu, mdogo wangu. Nilimwomba ruhusa, akanyamaza. Haya panda punda, twende nyumbani kabla hajapata la kusema."