Mke Aliyelegeza Betri

Mwanamke mmoja wa Rungwe, Sekela, alikuwa na mume, mtoto mchanga na hofu. Mumewe, Ambakisye, aliendesha gari la maziwa, na kule yanakopokelewa maziwa alikuwepo Tumpe, binti wa kupima, akicheka meno yote nje. Basi. Sekela hakuwahi kuona kitu kingine. Aliona meno tu.

Jioni mume akiingia kuoga, Sekela alishika spana, akafungua boneti, akalegeza kichwa cha betri upande wa hasi, akakichomoa, ili gari lisije likamtoa mume nyumbani wakati yeye kalala na mtoto kifuani. Alfajiri, mume akiwa hajavaa hata viatu, Sekela alikirudisha. Alifanya hivyo msimu mzima wa mvua, na gari halikugoma hata mara moja, maana Ambakisye hakujaribu kutoka usiku hata mara moja. Hilo Sekela hakulihesabu.

Kisha asubuhi moja taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi, ikakataa kuzimika, na Sekela, jamani, akaona amepata shahidi! Betri haiishi bure, alijiambia, betri huisha watu wakikaa garini injini imezimwa, wanasikiliza redio, wanacheka, wanasahau na saa. Asubuhi hiyo hiyo akafunga nguo za mtoto kwenye khanga, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kusimama mbele ya gari.

"Huyo unayekaa naye humo mpaka mnamaliza betri, ndiye akupikie. Mimi naenda kwa mama."

Ambakisye alifungua boneti, akaweka mita kwenye betri, ikasoma imejaa. Akawasha injini, akapima tena, chaji ilikuwa inaingia vizuri. Akazima. Akakifuata kile kifaa kidogo kilichobanwa kwenye kichwa cha hasi, kinachopima betri na kupeleka habari kwenye taa, akakuta waya wake mwembamba umekatikia ndani ya ganda, pale pale unapokunjika mtu akichomoa kichwa. Betri ilikuwa nzima. Mleta habari ndiye aliyeharibika.

Akaitazama saa ya dashibodi, ambayo hupotea betri ikichomolewa, ile aliyokuwa akiirudisha sawa kila asubuhi akidhani gari limechoka. Akaitazama mikono ya mkewe. Kucha zilikuwa bado na unga mweupe wa betri.

Jirani aliyekuwa akifagia uwanja wake aliacha kufagia. Ambakisye akashusha boneti taratibu, akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Lusajo, mrudishe mtoto ndani, kuna baridi. Waya nitaunga. Sitamwambia mtu."

Sekela akaweka chini furushi la nguo, machozi yakamtoka, akataka kushukuru. Lakini moyo wake ukamwahi, ukamuuliza: kwani huwa anamwambia nani?